Dija wa Mizani

Mtaa mzima wa Dunda tunamwita Dija wa Mizani, na jina hilo kalipata kihalali. Mwaka wa kumi na mmoja huu anapima abiria wa Kurumbiza, shirika dogo lenye ndege mbili za viti kumi na viwili, linalopeleka watu mapumzikoni Mafia na Unguja kutoka kiwanja cha changarawe upande wa Makurunge. Ndege ndogo haina mchezo. Begi linapimwa, na mwenye begi naye anapanda kwenye mizani mzimamzima kama gunia la mkaa, kisha rubani anajumlisha ndipo aseme twende.

Mimi nauza chai na vitumbua kando ya kibanda chao, kwa hiyo nasimulia nilichokiona. Uso wa mizani Dija ameuelekeza kwake peke yake. Anasoma, anaandika, anafunga mdomo. Maharusi wapya, wanaume wenye vitambi wanaovuta pumzi wakidhani tumbo likiingia ndani kilo nazo zinapungua, siri zao zote anazo yeye. Kuna mwenye hoteli mmoja ambaye kilo zake nilizitamani kuzijua hadi nikamhonga Dija vitumbua vitano vya moto. Alivila vyote, akashukuru, akanyamaza. Nilimnunia siku mbili.

Sasa Dija ana mama yake, Bi Maulida, mwembamba kama mchicha wa kiangazi na mbishi kuliko sisi sote. Mdogo wake, Bi Hafidha, aliolewa Mafia, na hawajaonana miaka kumi na tisa kwa sababu Bi Maulida na bahari hawapatani. Alijaribu mara moja. Boti ilikuwa bado imefungwa gatini naye ameshatapika. Novemba iliyopita habari zikaja kwamba Bi Hafidha anamwoza kitinda mimba wake. Bi Maulida akasema safari hii asipokwenda, watakuja kuonana kaburini.

Siku hizi Kurumbiza humpa kila mfanyakazi kiti kimoja kwa mwaka, kiti kikibaki wazi na uzito ukiruhusu. Ijumaa, Kapteni Adrian akamwambia Dija kiti cha kesho kipo, kilo sitini na tano, mtu na mzigo wake, isizidi hata moja. Dija anamjua mama yake kwa macho: hamsini na sita. Akamwambia begi lisipite kilo nane. Bi Maulida akaitikia haya mwanangu. Hapo ndipo Dija alipaswa kushtuka, maana mama yule hajawahi kukubali jambo mara moja tangu azaliwe.

Asubuhi akashuka kwenye bodaboda na buibui lake jipya. Begi likapimwa: kilo sita. Dija akanitazama kwa majivuno. Mama akapanda kwenye mizani. Dija akasoma, akamshusha, akaigonga mizani kwa kiganja, akampandisha tena. Kisha akamshika mkono wakaingia nyuma ya pazia, nami nikaona chai inaweza kujiuza yenyewe, nikawafuata.

Bi Maulida alikuwa amejifunga doti nane za khanga mwilini, moja juu ya nyingine. Kiunoni kazungusha mfuko mrefu wa kushona mwenyewe, ndani yake kilo tano za mchele. Kwapani tende. Mgongoni, kwa kamba, mrashi wa shaba, wa kunyunyizia marashi, wa marehemu mama yao.

"Uliniambia begi," alisema, bila haya hata kidogo. "Begi si hilo? Mwili wa mtu unapimwa kliniki."

Miaka kumi na mmoja binti yake anapima watu, na mama hakuwahi kuamini kwamba ni watu kweli.

Kilo tisa zilizidi. Dija akamwambia vitu vibaki, mtu aende. Bi Maulida akakaa chini juu ya begi lake. Mchele wa dukani Mafia upo, alisema, lakini huu umetoka shamba la Makurunge alilolima Hafidha kwa mikono yake kabla hajaolewa, na harusini haendi mkono mtupu. Bora asiende. Akageukia ukuta. Alikuwa analia, na mimi sijawahi kumwona mama yule akilia.

Nikamnong'oneza Dija kwamba uso wa mizani anauona peke yake. Rubani huandika anachoambiwa. Nani atajua? Dija alinitazama kwa jicho ambalo nalionea haya mpaka leo.

"Mimi nitajua," akasema. "Na mama ndiye atakayekuwa ndani."

Akatoka nje kwa abiria wengine, watalii kumi na mmoja kutoka Dar, waliokuwa wanakwenda kuogelea na papa potwe. Mtu aliyezoea kuamuru, siku hiyo aliomba. Akawaeleza yote, mchele, mrashi, miaka kumi na tisa. Kila mmoja akavuta begi lake karibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wako hauwi mwepesi hivyo. Mwishowe mama mmoja, Evelyn, akamgeukia mumewe, mwalimu Tarcis, akamkumbusha katoni yake ya maji. Chupa sita kubwa! Mwalimu ana tumbo la wasiwasi, halinywi maji ya ugenini. Alibisha kidogo, mkewe akamtazama kidogo, akaishusha katoni. Dija akaipima: tisa na ushei.

Bi Maulida akatoka kafuta macho, akamshika mwalimu mkono.

"Kwa mdogo wangu utakunywa madafu mpaka useme basi," alimwambia. "Na nyote harusini Jumapili mje."

Wakaenda kweli, wote kumi na mmoja. Dija alionyeshwa picha kwenye simu: mwalimu Tarcis na dafu kila mkono, na nyuma yake wazee wawili wamekumbatiana, mrashi katikati.

Jumatano simu ya Dija ikalia. Mpimaji wa Mafia alikuwa anauliza afanyeje: kuna bibi yuko kwenye mizani, kijitu chembamba, kilo sabini na nne. Dija alicheka hadi akashika nguzo.

"Mpeleke nyuma ya pazia," alisema. "Anza na kiunoni. Kisha mrudishe kwenye mizani."

Akasubiri. Walitoa pweza mkavu, korosho na mikeka miwili, vikafuata na ndege ya Alhamisi. Nikaona Dija anasikiliza, kisha anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jioni ile alipita Dunda mlango kwa mlango, yeye asiyetaja kilo za mtu, akiwaambia hata wasiouliza: mama kaondoka na hamsini na sita, amerudi na hamsini na nane.