Sale Nililompelekea Mkuu wa Shule

Nimechoka kuchekwa hapa Kibosho, basi nitasema mwenyewe. Mimi niliishia darasa la pili, ng'ombe wa baba hawakuniruhusu kuendelea, lakini tarakimu nazijua. Mkamwana wangu Yasinta anafundisha Kiingereza sekondari, na wakati huo alikuwa hajathibitishwa kazini. Siku moja nikaona fomu yake mezani: mbili kati ya tano, mbili tena, moja, mbili. Nikajua wamemfelisha, na kazi ndiyo inakwenda hivyo.

Kumwuliza sikumwuliza. Ndiyo akili yangu hiyo. Nikakata jani la sale mpakani mwa kihamba changu cha migomba, maana kwetu anayeletewa sale hana budi kusamehe, nikapanda nalo hadi shuleni. Nikamkuta mkuu wa shule na walimu wake wakinywa chai.

"Mwalimu, pokea. Msamehe Yasinta hizo mbili mbili na ile moja."

Akalipokea kwa mikono miwili, naye ni mtu wa huku. "Nani kampa moja, mzee wangu?"

"Si wewe, kwenye fomu?"

"Fomu hizo mimi sizioni. Mwalimu anajipima mwenyewe, anajipa alama, anabaki nazo. Ni siri yake." Akanivutia kiti. "Hebu kaa. Hiyo moja kajipa kwenye nini?"

Nikageuka. Yasinta alikuwa mlangoni, chaki mkononi.

"Mwambie tu, baba," akasema. "Si umeshafika."