Kigae cha Mama Zaina

Shule niliacha darasa la tatu, na wa kulaumiwa ni mbuzi. Beberu wa bibi yangu, kule Magoma, alikata kamba, nikamfukuza mpaka nyuma ya migomba ambako akina mama walikuwa wakichoma vyungu. Walinitimua kwa vijinga vya moto. "We mwanaume, unataka vyungu vipasuke?" Siku hiyo shule sikwenda, kesho yake nikaogopa viboko, basi. Lakini mwiko ule niliushika: mwanaume hasogelei moto wa vyungu, na chungu kikipasuka, mfinyanzi ndiye anayeulizwa amemleta nani.

Uashi nilianzia Handeni. Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Akasema, "Ukikosea, sema saruji ikiwa mbichi." Nimejenga madarasa, zahanati, hata choo cha soko, mpaka nikafika kwenye jumba la abiria la uwanja wa ndege.

Msanifu wa jengo alitaka ukuta wa kupokelea wageni uwe na wanawake waliobeba mitungi, kwa vigae vya udongo alivyofinyanga Mama Zaina wa Vugiri. Haikuwa picha ya kutundika. Kila kigae kilikuwa na nafasi yake ndani ya ukuta. Nafasi hizo nilipima mimi, kutoka sakafu mbichi, nikasahau unene wa marumaru itakayowekwa juu yake. Marumaru ilipolazwa, mstari wa chini wa vigae ukakataa kuingia. Nikachukua grinda, mashine ya kukatia, nipunguze ukingo. Kigae kikapasuka mpaka usoni pa mwanamke.

"Fundi, hiki kimekuwaje?" msanifu akauliza.

"Kimekuja na ufa, bosi. Ni moto huo."

Akampigia simu Mama Zaina palepale. "Mama, kigae kimoja kilipasuka motoni."

Sauti yake ikatoka kwenye simu, "Nimesikia, baba."

Kwa msanifu yalikuwa maneno ya ufundi tu. Mimi nilijua Vugiri yatasikikaje. Baadaye nikaambiwa sokoni Korogwe kwamba wenzake hawachomi naye tena. Wanasema aliruhusu mwanaume motoni. Nikalipia nyanya zangu nikaondoka.

Vijana mtauliza kwa nini nilinyamaza. Kuitwa fundi ni kutamu. Nilipostaafu ndipo nikapanda Vugiri.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi wa uwanja wa ndege."

"Marahaba. Ufa ule ulianzia wapi?"

"Pale nilipoweka grinda."

Alikuwa akipepeta maharage, hakuacha. "Mimi nilijua. Wasiojua ni wale." Akaonyesha kwa kidevu. "Wako kisimani. Kawaambie, mimi nabandika chai."

Nikashuka. Karibu na kisima njia inagawanyika. Niliwasikia wakicheka, mmoja akisema mumewe anakoroma kama mashine ya kusaga. Nikashika njia ya barabarani. Chai ile sikuinywa, na Vugiri sijarudi.