Kelele ya Goli Kutoka Kasha

Dimanche iliyopita, yaani Jumapili, ndugu yangu, nilizima machine zote za garage yangu mchana kweupe ili nisikilize kelele. Mimi si mutu wa kuzima machine. Garage yangu haijui dimanche. Niliacha shule nikiwa bado mu primaire, nikaja huku Ulaya bila mutu wa kunipokea, na leo gari ikikataa kuwaka, wenye inchi wananiletea mimi, mutoto wa Kasha, kilima cha Bukavu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Basi, kidogo ni kwa kujisifu.

Sababu ilikuwa hii. Rafiki yangu wa Bukavu, tunafanya kazi pamoja, aliniambia kwamba timu yetu ya kule Kasha inacheza, na ikipigwa inashuka division. Akatoa telefone atafute matokeo. Nikamwambia airudishe mufukoni. Mimi sihitaji kuandikiwa. Nipewe kelele tu ya kiwanja, nitamwambia nani amefunga.

Na haikuwa uongo. Nilifundishwa na koko, mama ya mama yangu.

Kiwanja kilikuwa chini ya nyumba yetu, nyuma ya migomba. Tonton yangu, kitindamimba wa koko, ndiye alikuwa gardien, mulinda goli wa timu. Koko hakwenda kumuona hata siku moja. Alisema moyo wake haufai kukaa karibu na lile goli. Tukitoka misa alikuwa anakaa kwenye kigoda nje, uso wake kwa ukuta, masikio yake kule chini. Mimi nilikaa naye nikichambua sombe, yale majani ya muhogo, mpaka vidole vinanuka kijani hata kesho yake mu darasa.

Sasa sikia mambo ya mutaa wetu. Siku ya mechi hakuna mwanamuke aliyetwanga sombe mupira ukiwa unachezwa. Kinu kinafunika kelele. Hiyo sheria koko ndiye aliitunga, na aliyeisahau nilitumwa mimi kwake, nimwambie kwa heshima kwamba koko anaomba mutwangio upumzike kidogo. Lakini filimbi ya mi-temps ikilia tu, ndugu yangu, kilima kizima kinaanza, vinu vyote kwa mara moja, ungefikiri kuna arusi kila nyumba. Kila mama anakimbizana na mapumziko. Kipindi cha pili kikianza, sombe imelainika, iko mu chungu na mawese, sambaza, vile visamaki vya ziwa, zinangoja pembeni, na kimya kinarudi.

Katika kimya hicho ndimo nilisoma, kuliko mu darasa. Goli letu lilipanda polepole kama maziwa kwenye moto, halafu linamwagika, watoto wanapiga bidon tupu za maji, hakuna wa kulirudisha ndani. Goli lao lilikuwa fupi, la upande mumoja, na nyuma yake unasikia mbuzi ya jirani. Penalty haikuwa na kelele hata kidogo. Kuku wenyewe walisimama. Koko anafunga macho, ananiuliza, "Ya nani hiyo?" Nikikosea, ananigonga kichwani na shina la sombe. Nikaacha kukosea. Jioni tonton anapanda na matope yake, na hakuna wa kumuuliza kitu. Kama wamepigwa, koko anamuongezea sambaza.

Basi, nilimpigia dada yangu mudogo, yule aliyebaki mu ile nyumba, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni mukubwa wake. Nikamuomba aweke telefone kwa dirisha na asiniambie neno. Rafiki yangu akakaa juu ya pneu ya gari, anatabasamu. Tukangoja. Kelele ikaja. Ikapanda, ikapanda, ikamwagika. Nikamshika rafiki mabega, nikamwambia ni letu.

Lakini kitu kimoja kilinichanganya. Ile kelele nilikuwa nimeisikia punde tu kabla ya telefone, na ilitoka nyuma yangu, kwa mulango wa garage. Huku kuna stade kubwa ya mupira, si mbali na mimi. Sijawahi kuingia. Siku za mechi ninazijua kwa sababu wateja wanakosa mahali pa kuweka gari. Nikasimama pale, Kasha kwa sikio hili, stade kwa sikio lile, sijui niko wapi.

"Wetu wamefunga," nikamwambia dada.

"Wetu gani, yaya?"

"Wa hapo chini. Wa kiwanja."

 Halafu akaniambia polepole, kama mutu anayempa mugonjwa dawa, kwamba mu kile kiwanja walijenga manyumba, tena zamani, alifikiri ninajua. Timu inachezea mbali, kule Kadutu, na kwake hakuna hata mumoja anayejua leo imefikia wapi. Hiyo kelele ni watoto wa mutaa, wamejaa mu salon yake, wanaangalia tele.

"Wanaangalia nani?"

"Si ni ile timu ya muji wenu huko. Wanaipenda mpaka basi. Wanasemaka yaya wangu ni jirani yao. Unaiona stade?"

Nikasema stade ninaiona kila siku, na hiyo ni kweli.

Rafiki yangu hakunicheka. Afadhali angecheka.

Halafu stade ikatulia. Mi-temps. Nikabaki na telefone kwa sikio, na bila kufikiri nikajikuta ninangoja vinu. Nikasikia jenereta. Nikasikia pikipiki inapanda. Nikamuuliza dada kinu cha koko kiko wapi. Akasema kiko, walikigeuza chini juu, watoto wanakikalia mbele ya tele. Sombe siku hizi inapelekwa kwa moulin, mashine ya kusaga.

Sijui nikuelezee namna gani. Nilitoka Kasha kuja huku, na Kasha nayo ikatoka kuja huku, tukapishana njiani bila kusalimiana. Hata sasa sijui kama timu yetu imeshuka ao imebaki. Rafiki alitaka kuangalia, nikamukataza. Nilikuwa ninataka kuisikia.

Nje stade ikalipuka tena. Nikaacha telefone pale pale. Punde Kasha ikajibu, ikapanda polepole kama maziwa kwenye moto, sawa sawa na zamani, hata bidon niliisikia. Nikafunga macho.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya kwenu, yaya," dada akasema.