Shimo la Nyarugusu na Kuzimu ya Wayunani

Miaka ile ya thelathini mchana nilichimba dhahabu Nyarugusu, jioni nikasoma. Mwalimu wetu, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alikuwa na kibatari kimoja na wanafunzi, kwa hesabu yangu, nusu ya Usukuma. Alitusomesha habari za Wayunani wa kale. Nchi yao, alisema, milima imeikatakata, ndiyo maana kila bonde likawa na mji wake, sheria zake na mungu wake mlezi. Mashamba mawe matupu, nafaka haba, basi wakaingia baharini, na hofu ya bahari ikazaa mazimwi. Ardhi hutetemeka, mapango tele. Wakasema humo ndimo mlango wa kuzimu, na bwana wa kuzimu ndiye mwenye mali yote iliyofukiwa. Anayekula chakula chake harudi.

Nilicheka kicheko cha kufukuza fisi. Asubuhi sikucheka. Kaka yangu alikuwa anashuka shimoni na michembe, viazi vyetu vya kukausha, mfukoni.

"Kaka, usile huko chini."

"Haya, msomi. Njaa nayo imesoma wapi?"

Tukamshusha kwa kamba. Jua halijapanda sana, ardhi ikaguna. Vumbi likafumka, kamba ikalegea. Nikamwita mara tatu.

Wenzangu wakarudi nyuma. Kwetu wachimbaji shimo likimeza mtu haliingiwi, mpaka mganga aje anyunyize unga wa mtama na kuwaomba mizimu, wenye ardhi. Na mganga alikuwa mwendo wa siku nzima.

"Ukishuka sasa watakutaka na wewe," mmoja akaninong'oneza. "Mama yenu alie mara mbili?"

Sikumwona mjinga hata kidogo. Hewa iliyotoka mle ilikuwa baridi, kama pumzi ya kitu kilichoamka. Wayunani nao walisimama ukingoni hivi hivi, nikawaza, na elimu yangu yote ikanihama. Nikaokota kamba ya akiba.

"Nifungeni kamba."

"We!"

"Nifungeni, jamani. Kesho atakuwa maiti."

Walinishusha huku wamegeuza nyuso. Giza. Udongo ulinidondokea shingoni, punje kwa punje. Nilipapasa kifusi, nikagusa mguu. Ulikuwa baridi. Nikauminya kwa nguvu zote.

"Polepole," kaka akasema ndani ya udongo. "Unaniumiza."