Dawa za Bi Futi Ndani ya Droo

"Hivi wifi yako ni mgonjwa au anaringa?" Jirani yangu wa ukuta mmoja aliniuliza hivyo huku akianika nguo. Nikasema tu, "Mungu ndiye anayejua," maana kwa kweli mimi sikujua.

Wifi yangu huyo ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi naye nyumba moja. Ni fundi cherehani. Watu humwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata tukienda ibada lazima nimkumbushe aivue. Ukimletea kitambaa ukamwambia, "Nishonee kama ile ya mwaka jana, mwili ni uleule," atakujibu, "Uleule kwa nani? Hebu simama hapa." Atakupima upya, bega mpaka kiuno, hata kama una haraka ya kwenda msibani.

Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba tena. Ikifika jioni viatu haviingii, na ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo mguu ukigoma, kazi nayo imegoma. Tena tulishaambiwa ni presha, na ikiachwa hivihivi itaufikia moyo.

Sasa hapo ndipo akili yangu inapovurugika. Zamani alikuwa akitibiwa kwenye zahanati ya kule chini, chumba kimoja na benchi linalobana mapaja. Unakaa toka asubuhi mpaka jua la utosini. Tabibu wake alikuwa mzee mwenye mdomo mkali. "Wewe tena? Chumvi umeacha au unanizuga?" Anambonyeza miguu, anamfokea, anampa vidonge. Bi Futi anarudi nyumbani anacheka, "Leo nimetibiwa!"

Mzee yule akastaafu, tukahamia kliniki mpya. Huko viti ni laini, feni inazunguka, unaitwa jasho halijakauka. Kila mtu anakuamkia kwa adabu. Na Bi Futi anarudi amenuna kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Siku moja nikamsindikiza nijionee. Muuguzi alimtoa damu kidogo, akampima presha kwa mashine ile ya kubana mkono, kisha tukaingia kwa daktari, binti mpole kabisa. Akasoma majibu kwenye kompyuta.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu."

"Mbona presha haishuki?" Akakunja uso, akafikiri. "Basi nitakuongezea dawa, mama." Akaandika, macho yake kwenye kompyuta, vidole vinakimbia.

Tunatoka, msichana wa mapokezi akatuuliza kwa tabasamu, "Mama zangu, mmeridhika na huduma?"

"Sana!" akajibu Bi Futi. "Mungu awabariki."

Tulipovuka geti tu akaniambia, "Wale hawajanitibu."

"Wifi! Si umesema umeridhika sasa hivi?"

"Ulitaka nimtukane mtoto wa watu kazini kwake?"

Nikamshika mkono, tukarudi zetu nyumbani.

Siku chache baadaye nilikuwa natafuta kifungo cheusi kwenye droo ya cherehani yake. Chini ya nyuzi na mabaki ya zipu nikakuta dawa zote alizopewa kliniki, hazijafunguliwa. Nikazimwaga zote juu ya meza ya cherehani.

"Wifi, hizi ni nini?"

"Si zangu."

"Jina lako hili hapa!"

"Jina ni langu. Lakini mguu wangu yule daktari hakuuangalia. Anakata kabla ya kupima. Nguo ya hivyo wewe ungevaa?"

"Dawa si gauni, Bi Futi."

"Basi niambie, alijuaje zinanifaa?"

Nikamtajia kompyuta, nikamtajia damu waliyomtoa, nikamtajia ile mashine ya mkononi, mpaka nikajikanganya mwenyewe. Mimi niliishia shule ya msingi, nitamweleza nini mtu? Mzee alimfokea, akapata nafuu. Binti anamheshimu, na miguu inazidi kuvimba. Kinachotibu ni kidonge au ni mkono? Usiku nikasali Mungu anifumbue macho, na hakunifumbua. Alinionyesha jambo moja tu: daktari anaongeza dawa juu ya dawa zisizonywewa, na siku Bi Futi akiamua kuzinywa zote kwa pamoja, tutamzika.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Ukimjibu tena kwamba unakunywa, utaniachia cherehani ambayo hata sindano siwezi kuitunga uzi."

"Utauza," akasema, lakini hakucheka. Alikuwa anaizungusha futi kidoleni.

Tarehe yake ya kurudi ikafika. Daktari akauliza lile lile, "Dawa unakunywa, mama?" Bi Futi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kisha nikasikia kiatu kinavuliwa.

"Mwanangu, nilikudanganya. Sijanywa hata kidonge kimoja."

Daktari akaiacha kompyuta. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, nami nikaona amechanganyikiwa kuliko sisi. "Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," Bi Futi akasema, mguu ameshaunyoosha. "Naomba tu uushike mguu wangu kwanza, kisha uniandikie dawa zile zile za mwanzo, nami nitazinywa."