Waya Uliopita Motoni

Leo Wekesa ameshika brashi ya rangi afute jina langu kwa kibao cha kazi.

Wasee, niko saiba hapa mtaa wa Satellite, nawaandikia kwa kompyuta, na bado nina hasira.

Wekesa ni fundi redio, tunatumia kibanda kimoja mtaani Kabiro. Asubuhi amemwambia kastoma wangu, mimi nikisikia, "Huyu mama auze betri tu. Umeme haujui."

Nikasema nitazungusha waya kwa msumari, niunganishe na betri ya gari, na huo msumari utaisukuma sumaku ya spika. Nikishindwa, jina langu litoke kwa kibao. Nikiweza, lake litoke.

Akakubali haraka sana. Hata waya wa shaba akanipa yeye, kopa inang'aa.

Nikaweka sumaku juu ya kigari cha kopo. Ikanasa kwa msumari. Nikageuza waya za betri. Ikanasa tena! Watu wakacheka, Wekesa akafungua mkebe wa rangi.

Nikanusa ule waya. Moshi!

Jamani, ameuchoma kama watu wa skrapu! Ile vanishi inayofunika waya ikiungua, waya zinagusana, msumari haupati nguvu. Sumaku inanasa tu kwa sababu msumari ni chuma.

"Wekesa, umeuchoma?"

"Fundi hukagua waya wake, Mama Atieno."

Sawa. Nikafungua mota mbovu, nikatoa waya ambao haujaona moto, nikazungusha upya. Ikanasa. Nikageuza betri.

Kigari kikarudi nyuma mpaka kikaanguka chini.

Sasa Wekesa anasema ati ilikuwa mzaha, tusameheane. Niambieni kama nimezidisha, lakini jina lake nimelifuta na rangi ileile aliyofungua yeye.