Sarafu Juu ya Kaboni

Watu walimwita Daktari, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, matairi yananing'inia ukutani na sakafu imekuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Jina alilipata kwa namna yake ya kazi. Ukimletea fremu iliyoanguka, hakupoteza muda kuitazama. Alichukua sarafu yake nzito, iliyochakaa hadi maandishi yakafutika, akaigonga fremu toka juu hadi chini huku ameinamisha kichwa, kisha akatoa hukumu kwa neno moja: "Mzima," au "Mgonjwa." Basi. Ukibishana utajijua mwenyewe, maana chuma chenye ufa ndani hulia kivyake, na yeye alikuwa akikisikia.

Ubaya ni kwamba siku hizi alikuwa hasikii.

Haikuja ghafla. Nyundo, tindo na mashine ya kusagia vyuma vilikula masikio yake kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula mlango. Utajua umeliwa siku utakapousukuma. Na badala ya kwenda kutazamwa, bwana mkubwa akajifunza ujanja. Aligeuza benchi lake ili akae akitazama mlango. Alisoma midomo ya watu. Asipoambulia kitu alisema, "Sawa, sawa," na wenzake wakicheka naye alicheka, ingawa mara nyingine alichelewa. Mkewe alidhani ni kiburi tu. "Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia siku moja, amesimama mbele ya uso wake, na Daktari aliyasoma maneno hayo yote bila kukosa hata moja. Mganga hajigangi, sawa, lakini mganga gani anaficha hata kwamba anaumwa?

Asubuhi hiyo aliingia kitinda mimba wake, binti mwenye makovu magotini, ameibeba begani baiskeli yake ya milimani. Fremu yake ilikuwa ya kaboni, yaani nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na ilikuwa nyepesi ajabu. Alikuwa ameanguka mazoezini akiteremka mlima, na bomba la chini likatua juu ya jiwe. Pale palikuwa na mchubuko mdogo, na katikati ya mchubuko mstari mwembamba kama unywele. Kesho yake yalikuwa mashindano ya kuchagua timu. Gari la klabu lilikuwa linaondoka mchana.

"Nimempigia yule fundi wa kaboni wa mjini," binti alisema, na kwa bahati alikuwa amemwelekea baba yake. "Anasema kama ufa umefika kwenye nyuzi, nimpelekee, apasugue, atie nyuzi mpya. Hapo mashindano nimekosa. Lakini kama ni rangi tu iliyopasuka, nipande bila wasiwasi. Nigonge kwa sarafu. Penye uzima panalia kavu, penye ufa panalia butu."

"Umegonga?"

"Nimegonga, baba, lakini kila mahali panalia tofauti! Anasema bomba lenyewe lina mahali panene na mahali pembamba, kwa hiyo anatakiwa mtu mwenye sikio. Nikamwambia sikio tunalo nyumbani, tena la bure."

Akacheka. Daktari naye akacheka, safari hii kwa wakati.

Akachukua sarafu, akainamisha kichwa, akafumba macho kama kawaida yake. Akagonga juu ya mchubuko, akagonga kando yake, akarudi tena. Vidole vilimwambia kwamba anagonga. Masikio hayakumwambia kitu.

Chuma kingemhurumia. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, humpa mtu nafasi ya kuteremka na kukitukana. Kaboni haina adabu hiyo. Inakubeba, inakubeba, halafu inakuachia hewani. Akisema mzima na kumbe ni mgonjwa, mwanawe atakuwa mteremkoni kesho, mawe kulia na kushoto. Akisema mgonjwa na kumbe ni rangi tu, atakuwa amemnyima bure kitu alichokihangaikia tangu mwaka jana alipovunjika mkono. Wewe na mimi tungesema heri nusu shari kuliko shari kamili, tukamaliza. Lakini binti angeuliza amesikia nini, na wapi hasa, kisha angegonga pale pale ili naye ajifunze. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni.

"Unasemaje, baba?"

"Tulia kwanza. Kazi ya sikio haitaki haraka."

Akaisogeza fremu dirishani, akampa binti mgongo. Akachukua bisibisi, ncha akaigusisha kwenye bomba na mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kama alivyozoea kusikiliza gololi zilizochoka. Akagonga. Alisikia mvumo tu, na mvumo huo ulikuwa kichwani mwake hata kabla hajagonga. Aliogopa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini pamoja na hofu ilikuwepo aibu, na aibu ilikuwa na nguvu zaidi.

"Mzima," alisema bila kugeuka. "Ni rangi tu."

Neno lilipotoka tu alitamani kulirudisha. Alingoja mikono ya binti imkumbatie shingoni. Hakuna kilichomgusa, ikabidi ageuke.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, anamtazama kwa namna ambayo hakuipenda. Mlangoni, fundi cherehani wa chumba cha jirani alikuwa amechungulia, na sasa alikuwa anarudi kwenye mashine yake.

"Umenisikia nilivyogonga hapa nyuma?" binti aliuliza.

"Nimekusikia, mama."

"Palilia vipi?"

"Vizuri. Kavu."

Binti akanyoosha kidole. Sarafu ilikuwa bado mkononi mwa Daktari.

"Sijagonga kitu, baba. Nilikuwa nakuita. Nimekuita mpaka jirani amekuja kutazama kuna nini." Midomo yake ilitetemeka, na Daktari alipata tabu kuisoma. "Tangu lini?"

"Kitambo."

"Mama anajua?"

Akatikisa kichwa. Binti akaketi juu ya ndoo, akafuta macho kwa kiwiko, kisha akasimama. Ukaidi alikuwa ameurithi kwa baba yake. Alimnyang'anya sarafu, akagonga yeye. "Hapa kavu. Hapa... kama kavu, lakini si sana. Hiyo butu yenyewe ikoje, baba? Nieleze."

Daktari alifungua mdomo amweleze. Sauti ile aliijua maisha yake yote ya kazi, na hakuwa na neno hata moja la kuielezea. "Ni kama..." alisema.

"Basi niambie tu. Niipande au nisiipande?"

"Usiipande."

"Kwa nini? Mgonjwa?"

"Sijui." Katika chumba kile neno hilo lilikuwa geni. "Sijui, mwanangu. Naogopa tu."

Binti aliitazama baiskeli, akautazama ule mstari, akatazama saa ya ukutani. Akaishika usukani akaisukuma kuelekea mlangoni. Huko, akiwa amempa mgongo, alisema kitu. Daktari aliona taya likicheza.

"Sawa, sawa," alijibu.

Lilitoka lenyewe, kama lilivyokuwa likitoka kwa wateja. Binti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ruhusa. Alikuwa amekuja ameibeba baiskeli begani. Sasa alivusha mguu, akaikalia, akaondoka.

Daktari alikimbilia mlangoni, akajikwaa kwenye pampu. Binti alikuwa ameshafika katikati ya barabara, amesimama juu ya pedali, anapita kati ya watu kwa wepesi ule ule uliokuwa ukimfanya baba mtu ajisifu kwa kila mteja. Alimwita kwa nguvu zake zote. Alihisi koo likichanika. Binti hakugeuka.

Akamtazama fundi cherehani, hatua chache tu kutoka pale aliposimama, apate kujua kama sauti imetoka. Fundi cherehani alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na hakuinua kichwa.